Joe Kadenge: Mchezaji na Jina Lake

Marehemu Joe Kadenge alizaliwa mwaka wa 1935. Asili yake ni Vihiga, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega. Aliichezea Abaluhya, iliyokuja kuitwa AFC Leopards, na timu ya taifa katika miaka ya 1960. Redioni, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliliambatanisha jina lake na mpira hata vikawa kitu kimoja. Wasiopata kumwona uwanjani walimjua kwa masikio. (Wanaisimu wenzetu wangeutafiti msemo huo!) Lakini soka ya enzi zile haikulipa. Ingawa aliinoa Harambee Stars mwaka wa 2002, riziki yake ilitokana na teksi aliyoiendesha jijini Nairobi. Alipata kiharusi, akafariki tarehe 7 Julai 2019.