Adabu Hufunzwa, Haishurutishwi

Kengele ya mapumziko inapolia katika shule zetu, kila mwalimu anajua yatakayotokea kwenye veranda na ngazini. Wakubwa huwasukuma wadogo, milango hubamizwa, na mwalimu wa zamu hupaaza sauti hadi ikamkauka. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na wapo wanaoamini kwamba adabu nayo ilifukuzwa siku hiyo hiyo. Wenye fikira hizo ningewaomba wayatazame maisha ya Maria Montessori, mwanamke wa Kitaliano ambaye jina lake limo kwenye vibao vya shule nyingi za chekechea nchini, ingawa ni wachache wanaojua alivyoishi.

Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji wa Chiaravalle. Alisomea udaktari mjini Roma wakati ambapo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Kwa kuwa haikuonekana vyema mwanamke apasue maiti mbele ya wanaume, ilimlazimu kufanya sehemu hiyo ya masomo peke yake, wenzake wakiisha kuondoka. Alihitimu mwaka wa 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kupata shahada hiyo.

Shule iliyompa sifa ilizaliwa kutokana na vurugu za ngazini. Mtaa wa San Lorenzo, Roma, ulikuwa wa mafukara. Kampuni iliyokarabati majumba ya mtaa huo iliona kwamba wazazi wakienda vibaruani, watoto wasio na mlezi hukimbia ngazini na kuchafua kuta zilizotoka kupakwa rangi. Ikamwomba daktari huyu awashughulikie. Tarehe 6 Januari 1907 akafungua Nyumba ya Watoto, iliyokuwa na watoto wapatao 50.

Mwingine angeanza kwa orodha ya makatazo. Yeye alianza kwa kuonyesha. Siku moja aliwafunza jinsi ya kupenga kamasi kwa leso, polepole na bila kelele. Alidhani wangecheka. Watoto walimtazama kwa makini, na alipomaliza wakampigia makofi. Hapo akaelewa kwamba watoto hao walikuwa wakikemewa kila siku kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyewahi kuwaonyesha la kufanya. Walikuwa wakiaibishwa kwa jambo wasilofunzwa.

Tangu hapo mambo madogo yakawa masomo kamili: kufunga mlango bila kishindo, kumpisha mwenzio, kuomba radhi. Alichora mstari sakafuni, watoto wakatembea juu yake wakiwa wamebeba kengele isiyotakiwa kulia au gilasi ya maji yasiyotakiwa kumwagika. Viti alivitaka viwe vyepesi, ili mtoto akikigonga kianguke, naye ajue mwenyewe kwamba hakutembea vyema. Mara nyingine alisimama chumba cha pili akawaita kwa mnong'ono, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akaja akinyata bila kugusa meza.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Alipotofautiana na utawala wa Mussolini aliihama Italia mwaka wa 1934, na shule zake huko zikafungwa. Mwaka wa 1939 alikwenda India kuwafunza walimu. Vita vilipopamba moto, Waingereza walimtia mwanawe kizuizini kwa kuwa Mwitaliano, lakini mama hakuacha kufundisha. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 nchini Uholanzi.

Mwalimu atasema kwamba darasa lake lina wanafunzi wengi mno. Nyumba ya San Lorenzo nayo ilifurika. Atasema pia kwamba wake si wachanga. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule isiyo na ghorofa, ni nani aliyemfunza kushuka ngazi pamoja na mamia ya wenzake? Wala hili si jambo la urembo. Mnamo Februari 2020, wanafunzi zaidi ya 10 walikufa katika msongamano wa ngazini kwenye shule moja ya msingi mjini Kakamega. Msiba huo si hatia ya watoto. Unatukumbusha tu kwamba kushuka ngazi ni somo linalostahili saa yake.

Basi wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu na atoke na darasa lake hadi kwenye veranda. Awaonyeshe upande wa kupita, namna ya kumpisha aliyebeba vitabu, na namna ya kungoja. Wajaribu, warudie, bila matusi wala kejeli. Nanyi wanafunzi wa vidato vya juu, jueni kwamba mgeni anayeingia shuleni hasomi sheria zilizobandikwa ukutani kabla ya kuwatazama ninyi mnavyopita. Mkimsukuma leo, mwakani atamsukuma mwingine, naye atadhani hivyo ndivyo shule inavyotaka.