Mama Aliyeanza na Dola Moja na Nusu

Leo twamkumbuka Mary McLeod Bethune wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1875 huko South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17, na wazazi wake walikuwa watumwa zamani. Alichuma pamba, na shule ya misheni ilipofunguliwa alikwenda kwa miguu maili kadhaa kila siku. Jioni aliwafundisha wa nyumbani. Wafadhili wakamlipia masomo ya mbele. Akaomba kuja Afrika kuhubiri, akaambiwa hakuna nafasi kwa wamisionari weusi.

Hakukata tamaa. Mwaka 1904, mjini Daytona, Florida, alifungua shule kwa dola moja na nusu. Wanafunzi walikuwa wasichana watano pamoja na mwanawe, Albert. Walikalia masanduku, nao wino waliukamua katika matunda. Shule ile leo ni chuo kikuu. Mama huyu alifariki mwaka 1955.

Sisi tulioshika chaki miaka mingi tumewaona wazazi waliongoja fedha zitoshe, hata mtoto akapita umri wa kuanza. Bethune hakungoja. Basi nasi tuanze na kidogo tulicho nacho.