Charles Kettering na cheche za motokari

Charles Kettering alizaliwa tarehe 29 mwezi wa nane mwaka 1876, karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, katika Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mtoto huyo alifanya kazi za shamba, tena alipenda sana masomo. Lakini macho yake yalikuwa dhaifu. Alipokaza macho kitabuni, kichwa kilimwuma.

Alipokuwa kijana alifundisha watoto shuleni. Kisha akaingia chuo kikuu cha Ohio, ajifunze mambo ya umeme. Macho yakamshinda, akaacha masomo. Je, alikaa bure nyumbani? Hapana. Alifanya kazi pamoja na watu waliosimamisha nguzo za simu. Alichimba mashimo na kufunga nyaya. Macho yalipopata nafuu, akarudi chuoni. Wenzake walimsomea vitabu kwa sauti, naye akasikiliza na kushika. Mwaka 1904 akapata diploma yake.

Mwaka ule ule akapata kazi katika mji wa Dayton, katika kiwanda cha mashini za kuhesabia fedha za duka. Mashini hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering akatia ndani yake mota ndogo ya umeme, na kazi ikawa nyepesi.

Siku zile motokari zilisumbua sana. Ndani ya silinda, esansi iliyochanganyika na hewa hungoja cheche ya moto. Cheche ikikosekana, motokari haiendi. Ikija mapema mno au ikichelewa, nguvu hupotea. Kettering na rafiki yake Edward Deeds wakatafuta njia ya kupata cheche nzuri. Mchana walifanya kazi ya kiwanda. Jioni walikutana katika ghala la nyumba ya Deeds, na wenzao wengine wakaja kuwasaidia. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni yao, wakaiita Delco. Jina hilo ni herufi za kwanza za jina refu la Kiingereza. Kampuni ya Cadillac ikanunua vyombo vyao kwa maelfu.

Baadaye kazi yao ilizidi kutengenezwa, ikawa hivi. Vipande viwili vidogo vya chuma hugusana na kuachana. Kila vinapoachana, bobini hugeuza umeme mdogo wa batri kuwa umeme mkali sana. Halafu kidole kinachozunguka hupeleka umeme huo kwa waya wa silinda moja, kisha kwa waya wa nyingine, kila moja kwa zamu yake. Hufanya kama mwalimu anayegawa madaftari: hasahau mtoto, wala hampi mmoja mara mbili. Watu wasemao Kifaransa huita chombo hicho delko, kwa jina la kampuni ya Kettering.

Motokari nyingi za siku hizi hazina delko tena. Lakini zile za zamani bado zinayo. Fundi anayebadili delko ya motokari ya mbio ya zamani, kama Chevrolet Corvette ya mwaka 1953, hana haraka. Kwanza hufungua waya wa batri. Kisha hutia alama mahali kidole kinapoelekea. Hazungushi mota hata kidogo mpaka delko mpya imeingia, na kidole chake kimeelekea alama ile ile. Nyaya za silinda sita huzifunga kwa zamu yake: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Akikosea nyaya mbili tu, mota itakohoa na kutetemeka. Haraka haraka haina baraka.

Jambo jingine lilimhuzunisha Henry Leland, mkubwa wa Cadillac. Ili kuwasha motokari, mtu alizungusha chuma kwa nguvu mbele yake. Mara nyingine chuma kile kilirudi nyuma ghafula, kikavunja mkono. Wataalamu walidhani mota ya umeme ya kufanya kazi hiyo ingekuwa kubwa mno. Kettering akakumbuka mashini za fedha: mota ndogo inaweza kutoa nguvu nyingi, kama ni kwa muda mfupi tu. Akafaulu mwaka 1911. Cadillac za mwaka 1912 ziliwashwa kwa umeme, na mikono ya watu wengi ikaokoka.

Baadaye Kettering aliongoza wataalamu wa kampuni ya General Motors mpaka mwaka 1947. Lakini si kila kazi yake ilileta heri. Mwaka 1921 mtu wa karakana yake, Thomas Midgley, alivumbua kwamba risasi ikitiwa katika esansi huzuia mota kugonga. Risasi ni sumu. Wafanyakazi kadhaa waliotengeneza dawa hiyo walikufa, na waganga walionya. Hata hivyo esansi hiyo ikauzwa, na moshi wake ukadhuru watu wengi, hasa watoto. Nchi ya mwisho iliacha kuiuza kwa motokari mwaka 2021.

Kettering alikufa Dayton tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka 1958. Udhaifu wa macho haukumzuia kujifunza, na kwa hiyo anastahili sifa. Lakini maisha yake yanatufundisha neno la pili pia. Akili ni zawadi ya Mungu. Fundi mwema hajiulizi tu kama chombo chake kinafanya kazi; hujiuliza pia kama kitamdhuru jirani yake.

Maulizo

1. Kettering alisomaje vitabu chuoni, naye macho yake yalikuwa dhaifu?
2. Delko inafanya kazi gani katika motokari?
3. Kwa nini fundi hutia alama kabla ya kuondoa delko?
4. Kazi gani ya Kettering iliokoa watu? Kazi gani iliwadhuru?