Benedicto Kiwanuka, Mwanasheria wa Ng'ambo ya Ziwa

Katika kitabu hiki cha miaka kumi ya chama chetu, wanachama watakuta picha za viongozi na hesabu za pamba, kama ilivyo desturi. Ukurasa huu tumempa mtu ambaye hakupata kukaa Mkuyuni wala kuuza pamba kwetu, ila nchi aliyozaliwa yapakana na ziwa hili hili.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei, 1922, katika kijiji cha Kisabwa, Buddu, nchi ya migomba na mibuni. Wakati wa vita kuu ya pili aliingia jeshini, akafika Misri na Palestina. Aliporudi alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Sisi makatibu, ambao kazi yetu ni kuandika maneno ya wengine, twaipenda sana sehemu hii ya maisha yake. Miaka ile alisimama kati ya hakimu na mshitakiwa, akichukua maneno ya huyu na kumpa yule, asiruhusiwe kuongeza lake. Mwaka 1950 akaenda Basutoland kusoma, kisha London, na mwaka 1956 akawa wakili kamili.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa 1961, kwa kuwa watu wengi wa Buganda waliususia, na mwezi wa Machi 1962 yeye akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Lakini wakuu wa Mengo hawakupendezwa kuona raia wa kawaida akishika cheo cha juu namna ile katika nchi yenye Kabaka. Mwezi wa Aprili akashindwa, hata kiti cha bunge hakupata. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba, waziri mkuu alikuwa Milton Obote.

Serikali ya Obote ilimtia kizuizini mwaka 1969. Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 alimfungua, akamfanya Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo Uganda. Wako waliomlaumu kwa kukubali cheo kutoka mkono ule. Sisi hatumlaumu, maana alipokaa kitini hakumhukumia Amin kwa upendeleo.

Mwezi wa Septemba 1972 lililetwa mbele yake shauri la Mwingereza mmoja aliyekamatwa na askari. Sheria yasema aliyemshika mtu sharti aeleze mahakamani kwa haki gani amemshika, na asipoweza, mtu huyo aachwe huru. Kiwanuka aliona kuwa askari hawakuwa na haki hiyo, akaamuru mtu yule afunguliwe. Siku zile zilikuwa za hatari kubwa. Waasia walikuwa wakifukuzwa, na tarehe 17 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka huku kwetu Tanzania, wakashindwa. Amin akazidi kuona maadui kila mahali.

Tarehe 21 Septemba, asubuhi, watu wa Amin waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala, jengo lile lile la mahakama aliyoitumikia kama mkalimani, wakamtoa Jaji Mkuu kwa nguvu na kumtia katika gari. Aliuawa mwezi huo huo. Jamaa zake hawakupewa maiti ya kuzika.