Baruch Blumberg: kutoka mgodi wa Moengo hadi chanjo ya homa ya ini

Wanachuo wenzangu, ukitaja homa ya ini kwenye mabweni yetu utasikia mengi. Huyu atasema ni kurogwa, yule atasema ni kula sahani moja na mgonjwa. Jina la mtu aliyekigundua kirusi cha homa ya ini B hutalisikia kabisa. Aliitwa Baruch Blumberg, na maisha yake yana mambo ambayo sisi wa Shinyanga na Geita tunaweza kuyaelewa haraka kuliko wengi.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 28 Julai 1925. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshi la majini la Marekani. Alisoma fizikia, akamaliza 1946, akaanza hisabati Chuo Kikuu cha Columbia, mara akaacha akahamia udaktari. Kwa hiyo wewe unayehangaika kubadilisha kozi, tulia, hujaanza wewe.

Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alipelekwa miezi kadhaa Moengo, mji wa mgodi wa bauksaiti huko Suriname, Amerika ya Kusini. Wakati huo Moengo ilifikika kwa mto tu. Alizalisha akina mama, akapima malaria vijijini. Watu wa huko walikuwa mchanganyiko: wenye asili ya Afrika, ya India, ya Java, ya China, wote waliletwa na kazi za mashamba na migodi. Aliyewahi kufika kwenye maduara ya Nyarugusu au Rwamgasa anaijua hali hiyo, Msukuma, Mha, Mhaya na Mkurya wote kambi moja, mbu wale wale. Blumberg akaona jambo la ajabu. Watu waliishi pamoja na kuumwa na mbu hao hao, lakini matende yaliwashika kwa namna tofauti. Mmoja mguu unavimba kama gogo, jirani yake hana kitu. Kwa nini?

Swali hilo hakuliacha tena. Alihitimu udaktari 1951, akaenda Oxford kusomea biokemia, na mwaka 1957 akaenda Nigeria kukusanya sampuli za damu. Baadaye alikusanya Alaska, visiwa vya Pasifiki na kwingineko. Hakuwa anatafuta homa ya ini hata kidogo. Alitaka kujua damu za watu zinatofautiana vipi, labda humo kuna jibu la nani anaugua na nani anapona.

Njia yake ilikuwa hivi. Mtu aliyeongezewa damu mara nyingi, kama wenye ugonjwa wa damu kutoganda, mwili wake huwa umekutana na damu za watu wengi na kutengeneza kinga dhidi ya vitu vigeni vilivyokuwemo. Blumberg na wenzake wakawa wanachanganya majimaji ya damu za wagonjwa hao na sampuli kutoka kila pembe ya dunia. Miaka ya 1963 na 1964, damu ya mgonjwa mmoja wa New York iligongana na damu ya mzawa mmoja wa Australia. Wakakiita kitu hicho antijeni ya Australia. Kilikuwa nini, hawakujua. Walidhani labda ni jambo la kurithi.

Ilichukua miaka kadhaa kuelewa. Mgonjwa mmoja ambaye kwanza hakuwa nayo alipimwa tena akakutwa nayo, na ini lake likawa limeugua. Kisha mfanyakazi mmoja wa maabara akajisikia vibaya, akapima damu yake mwenyewe, akaikuta humo. Kumbe hakikuwa cha kurithi, kilikuwa kipande cha kirusi. Kipimo kinachoandikwa HBsAg kwenye karatasi ya majibu kinatafuta kitu hicho hicho. Na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa ya damu kwa UKIMWI, kaswende na homa ya ini B na C.

Mwaka 1969 yeye na Irving Millman walibuni chanjo kutokana na damu ya watu wenye kirusi, wakichuja ganda lake na kuacha sehemu inayoambukiza. Iliruhusiwa kutumika Marekani 1981. Tangu 1986 kuna nyingine inayotengenezwa kwa hamira, ndugu wa hii ya maandazi, bila damu ya mtu. Kwa kuwa kirusi hiki husababisha saratani ya ini, ndiyo chanjo ya kwanza kuikinga saratani. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Nobel aliipata 1976, pamoja na Carleton Gajdusek.

Kwetu Tanzania chanjo hii iliingizwa kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Hapo ndipo habari inapotuhusu. Mimi nina miaka 22, nilichomwa nikiwa mtoto mchanga. Kaka na dada zetu waliozaliwa kabla, waliorudi chuo baada ya kufundisha miaka kadhaa, wengi hawajachanjwa.

Mwaka jana rafiki yangu alichangia damu, akaitwa na kuambiwa ana homa ya ini B. Alikuwa mzima, anacheza mpira kila jioni. Chumbani akatengewa kikombe, wawili wakaomba kuhama. Jamani, homa ya ini B haipiti kwenye kikombe wala ugali. Inapita kwenye damu, kujamiiana, mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, sindano, na wembe au mashine ya kunyolea isiyosafishwa vizuri, maana kirusi hukaa nje ya mwili hadi siku 7 kikiwa hai. Za maji na chakula kichafu ni A na E. Rafiki yangu sasa anafuatiliwa kliniki, dawa bado hajaambiwa aanze, kwani si kila mwenye kirusi huhitaji.

Kwa mtu mzima chanjo ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Pima kwanza, aliye nacho tayari haimsaidii.

Blumberg alifariki 5 Aprili 2011, California, ghafla kwa moyo, katika kituo cha NASA alikokuwa amehudhuria mkutano. Miaka ya mwisho alikuwa amegeukia kuchunguza kama kuna uhai nje ya dunia. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Mwaka huu itatukuta kwenye mazoezi ya kufundisha. Mimi nimepangiwa Kahama, Baiolojia kidato cha tatu, na tayari nimeandika andalio la somo la siku hiyo.