Kakai Kilonzo: Msee wa Kilimambogo Aliyefanya Kenya Nzima Icheze Benga ya Kikamba

Kama umewahi kupanda basi ya Kitui ama Wote, hizo gita za Kikamba unazijua hata kama hujui wenyewe. Leo jua jina moja: Kakai Kilonzo.

Kakai alizaliwa 1954 Kilimambogo, ule upande wa Machakos ulio karibu na Thika. Wakati huo Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Ilikatwa ikawa wilaya yake 1992, na Kakai hakufika kuiona.

Miaka ya 70 alikuwa ashaunda mbogi yake, Kilimambogo Brothers. Jina lenyewe linakuambia kitu. Hakuipa beni jina lake, aliipa jina la kwao. Na ushindani ulikuwa moto. Kulikuwa na Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na pia Ngoleni Brothers. Hizo beni tatu zilishikilia Ukambani karibu miaka 15.

Sasa, Kakai aliwapita wapi? Lugha. Wasanii wengi wa huko waliimba Kikamba tu, na hakuna ubaya. Lakini redio ilikuwa moja, Sauti ya Kenya. Ngoma ya Kikamba ilingoja masaa ya Kikamba. Ya Kiswahili ilipita idhaa ya taifa, ikasikika kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Kakai aliimba zote mbili. Ndio maana hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mwingi ama Kibwezi anaweza kuijua Mama Sofi.

Na hakubadilisha sauti ndio apendwe. Gita zilibaki za Ukambani. Moja inazunguka tu bila kuchoka, laini kama maji, nyingine inajibizana na mwimbaji, besi inasukuma kutoka chini. Toa moja hapo na ngoma inalala. Story zake nazo zilikuwa za maisha ya kawaida, vitu mtu wa Kitui na mtu wa Kakamega wote wanaelewa.

Albamu nayo? Enzi hizo benga ilitoka kwa santuri ndogo, zile za ngoma moja kila upande. Mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa nusu: upande wa kwanza unasikiza story, unageuza, upande wa pili gita zinawaka. Zile albamu za Best of Kakai zimekusanya hizo kazi pamoja, na kuna moja ilitolewa hadi Ujerumani.

Halafu 1987 Kakai akafa, hata 35 hajafikisha. Beni ilikuwa bado inapendwa nchi nzima. Mwenye sauti alipoenda, ile enzi ya Kilimambogo Brothers ikaenda naye.

Hapo ndio inauma. Jina la Kakai bado linatajwa, lakini uliza msee yeyote mtaani ni nani alikuwa anapiga ile gita ya pili, atanyamaza. Hao majamaa waliingia studio na yeye, wakazunguka na yeye, na ile sauti tunaiita ya Kakai ni yao pia.

Kwa hivyo ukitafuta Mama Sofi leo usiku, weka masikioni vizuri. Mara ya kwanza sikiza Kakai. Mara ya pili, sikiza wale wako nyuma yake.