Sir Charles Ross: Mmiliki wa shamba Ngorongoro aliyekimbilia kipya kabla ya kukipima

MKULIMA wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, huingia duka la pembejeo akiwa na swali lile lile kila msimu. Anunue Bombay Red, mbegu aliyoizoea na ambayo madalali wanaijua, au ajaribu chotara mpya ambayo muuzaji anaisifia? Akikosea, hasara si ya muuzaji. Ni ada ya shule na deni la maji na mbolea.

Juu ya Karatu, ndani ya kreta ya Ngorongoro, kuna ardhi ambayo katika miaka ya 1920 ilikuwa mikononi mwa mtu aliyelijibu swali hilo kwa namna moja maisha yake yote. Yeye alichagua kipya. Jina lake ni Sir Charles Ross, na kisa chake kina somo kwa mkulima na mfanyabiashara wa leo.

Ross alizaliwa Scotland mwaka 1872. Alikuwa mtoto wa miaka 11 tu aliporithi cheo cha baba yake pamoja na mali kubwa ya ardhi ya Balnagown. Alisoma Eton na baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini akili yake ilikuwa kwenye mashine. Akiwa na umri wa miaka 20 na ushee tayari alikuwa amesajili hataza ya bunduki aliyoibuni mwenyewe. Aidha, alivuka hadi magharibi mwa Canada na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya kuzalisha umeme wa maporomoko ya maji mwaka 1897, wakati ambapo miji mingi duniani ilikuwa bado inatumia taa za mafuta.

Kwa hiyo hakuwa mbabaishaji. Alikuwa na mtaji, elimu na kipaji. Alichokosa ni subira.

Bahati yake ilikuja na vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902 huko Afrika Kusini. Canada ilitaka kutengeneza yenyewe bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield, lakini haikupata ruhusa. Ross akajitokeza na bunduki yake, akaahidi kujenga kiwanda mjini Quebec, na mwaka 1902 akapata mkataba wa bunduki 12,000 za kwanza.

Ubora wa bunduki hiyo ulikuwa dhahiri. Kuikoki kulihitaji kuvuta bolti nyuma na kuisukuma mbele tu, bila kuizungusha kama ya Lee-Enfield. Ilikuwa na shabaha kali, na wapiga shabaha walishinda nayo mashindano makubwa nchini Uingereza.

Hata hivyo, kasoro zilianza mapema. Polisi wa farasi wa Canada walipokuwa wakiifanyia mazoezi mwaka 1906, bunduki moja ilifyatuka vibaya na ofisa mmoja akapoteza jicho. Polisi wakaziondoa. Jibu la Ross lilikuwa kubuni toleo jingine. Lilikuja toleo la pili, ambalo nalo lilifanyiwa marekebisho mara kadhaa, kisha mwaka 1910 likaja la tatu, refu na zito zaidi. Kila kasoro ilizaa mtindo mpya, na hakuna mtindo uliopewa muda wa kutosha kuthibitishwa katika mazingira magumu. Waziri wa ulinzi wa Canada wa wakati huo, Sam Hughes, aliitetea bunduki hiyo kwa nguvu zote, hivyo sauti za waliolalamika hazikufika mbali.

Afrika Mashariki nayo ilipata dalili. Mwaka 1907 Ross alitoa risasi nyepesi yenye kasi kubwa mno kwa ajili ya wawindaji, na waliopenda vitu vipya waliichangamkia. Mwanzoni mwa 1911, George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliitumia kumpiga simba katika nyika za Kenya. Risasi zilimpata simba lakini hazikupenya vya kutosha kumzuia. Grey alijeruhiwa vibaya na kufariki dunia Nairobi siku chache baadaye. Wawindaji wazoefu walibaki na bunduki zao za zamani zenye risasi nzito na za taratibu.

Matope ya Ypres

Mtihani wenyewe ulifika Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Wanajeshi wa Canada walikuwa kwenye mahandaki, katikati ya matope, wakishambuliwa kwa gesi ya sumu. Bunduki ya Ross, iliyotengenezwa kwa vipimo vya kubana mno, haikuvumilia uchafu, wala risasi za viwanda mbalimbali zilizotofautiana kidogo kwa unene. Baada ya kupiga risasi kadhaa kwa haraka, bolti ilikwama. Askari waliigonga kwa kisigino cha buti au kwa mpini wa sururu huku adui akisonga mbele.

Mapigano yalipokwisha, katika askari wapatao 5,000 wa miguu waliosalimika, 1,452 walikuwa wametupa bunduki za Ross na kuokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo. Katikati ya Juni mwaka huo, divisheni yao ilipewa rasmi Lee-Enfield, na kufikia 1916 divisheni nyingine zikafuata. Mwaka 1917 serikali ya Canada ilitwaa kiwanda cha Quebec, na baadaye Ross akalipwa fidia ya dola milioni mbili.

Lakini kuna jambo moja la kuzingatia. Wadunguzi wengi waliendelea kuitumia bunduki ya Ross. Wao walipiga risasi chache, walikuwa na muda wa kuisafisha, na walihitaji shabaha kuliko kasi. Bunduki ile ile iliyomwangusha askari wa handaki ilimfaa mdunguzi. Kosa lilikuwa kuigawa kwa kila mtu kabla ya kujua inamfaa nani.

Shamba la kreta

Baada ya vita, Ross alielekeza macho Tanganyika. Ndani ya kreta, yenye sakafu ya takriban kilometa za mraba 260, ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa wamekodi mashamba na kufuga ng'ombe. Walijaribu hata kuwafukuza nyumbu ili wapate malisho, bila mafanikio. Wajerumani waliposhindwa vita, mali hiyo ilihesabiwa kuwa ya adui, na Ross akaichukua. Yeye aliitumia zaidi kwa uwindaji kuliko kilimo. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya kreta, isipokuwa kwenye ardhi hiyo ya zamani ya akina Siedentopf. Ross alifariki dunia Florida, Marekani, mwaka 1942. Mwaka 1959 Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi, na nyumbu wangali pale.

Je, mkulima wa Karatu aseme basi kipya ni hatari? Hapana. Kung'ang'ania ulichozoea nako kuna gharama zake. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka vibaya nchini, na aliyekuwa na zao hilo pekee hakuwa na pa kukimbilia.

Mfano mzuri zaidi upo kwenye kahawa. Mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilitoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Zilitanguliwa na miaka mingi ya majaribio, na hasara za mche uliokataa zilibaki kwenye mashamba ya utafiti. Kwa zao linalochukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa, mkulima hawezi kuwa yeye ndiye uwanja wa majaribio.

Kwa hiyo, mwenye ekari tatu za vitunguu anaweza kuacha nyingi kwa mbegu anayoijua, na kutenga matuta machache kwa ile mpya. Aiangalie kwenye jua kali, maji yakichelewa na ghala likijaa, si kwenye picha ya pakiti. Ikifaulu misimu miwili, aiongeze. Ikishindwa, amepoteza matuta machache tu. Askari wa Ypres hawakupewa nafasi hiyo.